Mguu wa Mteja Mwaminifu

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu ameondoka asubuhi. Amekwenda kumuuguza shangazi yake, yaani dada yangu, aliyeshikwa na mgongo kwa kuinua ndoo akijifanya msichana. Duka ameniachia mimi. Hatimaye! Duka la mtandaoni. Sandali za ngozi, kazi ya mikono yangu hii hii, picha zimo ndani ya simu na dunia nzima inazitolea macho. Siku zote mimi nashona, yeye anauza. Kuanzia leo nashona na kuuza. Nani kama mimi?

Kabla hajatoka alinikalisha kwenye benchi. Akasema baba, sikiliza. Watu wametutapeli juzi juzi. Wanatuma picha ya ujumbe wa malipo, wewe unaiamini picha, mzigo unaondoka, pesa haiingii. Akasema sheria ni moja tu: picha ya mteja usiitazame, tazama simu yetu. Pesa imeingia, toa kiatu. Haijaingia, kaa na kiatu chako. Nikasema nimesikia, mama. Akasema rudia. Nikarudia! Mtu wa mvi kama mimi, narudia kama kasuku.

Kisha likaja neno la kunichoma. Tukitapeliwa tena, duka analifunga. Anatafuta kazi ya kuajiriwa, na chumba hiki cha mbele anampangisha Fundi Sindano.

Fundi Sindano! Jirani wa ukuta kwa ukuta, mshona suruali katika chumba kisicho na mwanga, mtu ambaye analimezea mate dirisha langu kila anapopita. Benchi langu limekaa chini ya dirisha hilo tangu marehemu mke wangu hajaota mvi hata moja. Mwanga wa pale! Msharasi wa kutobolea ngozi unajiendea wenyewe. Nikaapa kimoyomoyo: benchi haliondoki, mwizi hapiti.

Ila sheria ya binti ni nyepesi mno. Kungoja pesa iingie, hata mbuzi anaweza kungoja. Kazi ya kiume ni kumtambua mwizi kabla hajafungua mdomo. Mchana nakwangua soli, wazo likanishukia. Nikaweka kisu chini. Nikasimama. Nikakaa tena!

Mimi darasani nilikaa mpaka mwalimu akachoka, sikatai. Lakini miguu naijua. Watu wamekanyaga karatasi yangu maisha yangu yote, nami nachora ukingo kwa penseli, nakata ngozi. Macho ya mtu yananidanganya. Mdomo ndio kabisa. Mguu haujathubutu.

Kuanzia kesho, hakuna oda bila mchoro wa mguu. Mteja achore, apige picha, atume. Mimi nitautazama. Nitajua.

Jinsi nilivyo na akili, wakati mwingine najionea huruma.

Jumanne, 4 Juni

Nimetangaza! Nimeandika kwenye ukurasa wa duka kwa kidole changu mwenyewe, herufi moja moja, jasho linanitoka. Nimeandika: WATU WOTE WATUME MGUU. Nikaona watu siku hizi hawana ufahamu, wanahitaji kuonyeshwa. Basi nikavua kandambili, nikakanyaga karatasi, nikachora mguu wangu wa kulia. Nikapiga picha. Nikaiweka pale juu kabisa ya duka, chini nikaandika: MFANO.

Mchoro umetoka mzuri sana. Kisigino kipana, unyayo wa mtu aliyesimama wima. Na kile kidole changu kidogo kimeonekana vizuri, kile ambacho chuma cha kugongea soli kilikiangukia zamani, kikachomoza kando na hakikurudi tena. Kinatazama barabarani peke yake. Nakipenda. Ni kama nishani.

Fundi Sindano akachungulia dirishani, dirisha langu, akauliza mzee mwenzangu unajipima mwenyewe? Nikamweleza mfumo. Akacheka mpaka futi yake ya kupimia ikamdondoka shingoni. Akasema yeye pia anauza mtandaoni na hajaibiwa hata kifungo, kwa sababu anatazama pesa kwanza. Nikamwambia suruali zake haziibiwi kwa sababu hata mwizi ana macho.

Akaondoka. Lakini kabla ya kuondoka alilipima dirisha. Kwa macho tu, ila nilimwona!

Jumatano, 5 Juni

Siku kubwa! Simu imelia mfululizo, benchi likitetemeka, misumari ikiruka.

Wa kwanza, mama mmoja aliyetaka sandali nyekundu. Nikamwandikia tuma mguu. Akaandika eti mzee huna haya? Nikaandika mguu kwanza, haya baadaye. Baada ya muda akapiga mume wake. Akauliza mimi ni nani ninayekusanya miguu ya wake za watu. Nikamwambia na wewe tuma wako nikuchunguze. Hakutuma. Umeona? Matapeli wawili kwa mpigo mmoja!

Wa pili alichora mguu wa bata. Utando na kila kitu. Nimemfungia nje ya duka.

Wa tatu ndiye hatari kuliko wote. Anajiita Mwalimu Mstaafu. Kaandika kwa adabu, habari za kazi, pole na majukumu, naomba jozi ya rangi ya kahawia. Akatuma miguu yote miwili. Nikaiweka simu karibu na pua. Nikatazama. Nikatazama tena. Moyo paaa! Miguu ilikuwa sawasawa! Wa kushoto na wa kulia, urefu ule ule, upana ule ule, kila pindo. Hakuna binadamu wa namna hiyo. Kila mtu mguu mmoja unamzidi mwenzake, hiyo hata mtoto wa fundi anajua. Huyu alichora mguu mmoja akageuza karatasi. Nimemkamata!

Nikamwandikia: BABA, NIMEKUONA. HIYO MIGUU SI YA KWELI.

Akajibu kwamba ni kweli, mmoja si wa kweli.

Amekiri! Mwenyewe! Nimetoka nje nikatangaza barazani kwa Fundi Sindano kwamba nimemnasa mwizi kwa penseli. Alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kujibu. Starehe kubwa.

Alhamisi, 6 Juni

Mwalimu Mstaafu amekuja.

Nilikuwa napaka gundi. Mzee mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, fimbo mkononi. Akanisalimu vizuri, akaomba kiti, akakunja suruali. Kisha akafungua mikanda, akavua mguu wa kushoto, akauweka juu ya benchi langu. Katikati ya soli zangu! Mguu umevaa soksi!

Akasema ndugu fundi, huu hapa mguu wa uongo, uhoji utakavyo.

Kumbe aliyemtengenezea alipima ule mzima, akamgeuzia sawasawa na mwenzake. Ndiyo sababu.

Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nilichukua penseli. Nikaupima mguu ule kila upande, nikaugonga gonga, nikamwambia kazi nzuri, ila mfupa wa kifundo umechongwa kwa haraka. Akasema hata yeye alimwambia fundi wake hivyo. Tukapatana hapo hapo. Nikamkatia sandali akiwa amekaa, mkanda wa kushoto nikauwekea kishikizo ili asihangaike kuinama. Akavaa, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akatabasamu kama mtoto. Akalipa. Simu yetu ikalia, pesa ikaonekana ndani.

Nimeandika hapa kama ushahidi: mfumo umefanya kazi. Nilisema mguu mmoja ni wa uongo. Ulikuwa wa uongo. Nani alikosea?

Binti alipiga simu kuuliza habari za duka. Nikasema ulinzi umeimarishwa. Akauliza ulinzi gani baba? Nikasema mtandao unakatika katika, nikazima.

Ijumaa, 7 Juni

Mungu ni mwema! Oda kubwa! Kubwa hasa! Kubwa kuliko zote tangu duka lifunguliwe!

Mteja anajiita Meneja. Hakubisha, hakutukana, hakuuliza haya wala nini. Salamu za kwanza tu, akatuma mguu. Kaandika: shikamoo mzee wangu, mfumo wako wa miguu ni wa kitaalamu, sijaona popote. Popote! Anataka jozi sita za sandali, kila siku ya kazi avae jozi yake, Jumapili miguu ipumzike. Mtu mwenye mpango!

Na mguu wenyewe, jamani. Nimeutazama mpaka chai ikapoa. Sijapata kuona mguu wa heshima kama huu. Kisigino kipana. Unyayo wa mtu aliyesimama wima. Kidole kidogo kimechomoza kando, alama ya mtu aliyefanya kazi ngumu na hakulalamika. Nilipouona, nilihisi kama namfahamu. Nilihisi kama tumekula naye sahani moja.

Ametuma wa kulia tu. Wa kushoto kasema nigeuze karatasi. Najua, najua, juzi nilisema kugeuza karatasi ni dalili ya mwizi. Lakini huyu amesema mwenyewe, tena mapema! Mwizi husema?

Fundi Sindano kaja kuuliza mbona naimba. Nikamwonyesha mguu kwa mbali, kwa ufahari. Akakunja macho. Akasema mguu huu mbona kama ameuona mahali. Nikamwambia watu kama wewe mguu wa namna hii mnauona kwenye ndoto.

Jumamosi, 8 Juni

Nashona. Nakata, napaka gundi, nashona. Nimetoa ile ngozi nzuri ambayo binti aliificha nyuma ya kabati akisema ni ya wateja maalumu. Kama huyu si maalumu, basi maalumu ni nani?

Kile kidole kilinitaabisha. Fundi wa kawaida angekiacha kining'inie nje ya soli. Mimi sivyo. Nimekata soli yenye kinundu pembeni, kidole kikae juu yake kama mfalme. Na kwa kuwa mguu wa kushoto ni karatasi ile ile iliyogeuzwa, kinundu kipo pande zote mbili. Sandali zimekuwa kama zina mabawa. Zinataka kuruka!

Nikajaribu moja ya kulia, kuangalia tu. Imenikaa! Imenikaa utadhani nimeshonewa mimi. Huo ndio ufundi. Kiatu kikishonwa vizuri, hata asiye mwenyewe anakionea raha.

Jumapili, 9 Juni

Bado nashona. Mikono inauma, roho inacheka. Meneja kaandika kuuliza hali yangu. Yeye kuniuliza hali! Nikamwandikia habari za mgongo wa dada yangu. Akampa pole.

Jumatatu, 10 Juni

Mzigo umeondoka! Jozi sita za sandali, kila jozi nimeigonga muhuri wa duka kwenye kisigino, nimezifunga kwa karatasi na kamba. Mwenye pikipiki alikuja kuchukua, akauliza baba, pesa imeingia? Siku hizi kila mtu ni polisi. Nikamwonyesha picha ya ujumbe wa malipo aliyotuma Meneja. Picha safi, rangi zimekolea, hata saa imeandikwa. Nikasema na kama huamini picha, amini mguu. Nikamwonyesha mguu. Akawasha pikipiki akaenda zake.

Simu yetu haijalia. Mtandao ni mzito leo, kuna mawingu.

Nimemwandikia Meneja aniambie zimemkaaje. Hajajibu. Atakuwa anazivaa.

Jumanne, 11 Juni

Binti amerudi.

Kabla hata hajavua kilemba aliuliza simu iko wapi. Akasoma. Akasoma tena. Nikaona kidole chake kinapandisha picha, kinashusha, kinapandisha. Nikasema usione aibu mama, sema tu baba umefanya kazi. Akauliza jozi sita za sandali zimekwenda wapi. Nikasema kwa Meneja. Akauliza pesa iko wapi. Nikasema iko njiani, kuna mawingu.

Akaniambia baba, vua kandambili. Nikavua. Akaweka simu sakafuni karibu na mguu wangu wa kulia, ikiwa na mguu wa Meneja. Kisha akausogeza ule ukurasa juu, mpaka kwenye mguu wangu, ule niliouandikia MFANO. Kisha akarudi kwa Meneja. Akafanya hivyo mara nyingi. Juu, chini, juu, chini.

Niliinama. Nikakitazama kidole cha kwenye simu. Nikakitazama changu. Vyote viwili vilikuwa vinatazama barabarani.

Nikasema basi huyo Meneja atakuwa ndugu yetu. Upande wa babu kulikuwa na watu waliopotea.

Binti akakaa chini palepale mlangoni, begi begani. Sikuwahi kumwona amechoka hivyo, hata mama yake alipokuwa mgonjwa. Akasema ngozi ile aliihifadhi kwa ajili ya oda ya mwezi ujao. Akasema baba, sheria ilikuwa moja. Moja tu. Kesho atazungumza na Fundi Sindano.

Nimekaa kwenye benchi hadi mwanga wa dirisha ukaisha. Nimeshona kitu gani, sikumbuki.

Jumatano, 12 Juni

Fundi Sindano amekuja na futi yake. Rasmi! Kupima chumba! Binti kamkaribisha ndani na mimi nimekaa kwenye benchi langu nikiwa nimelikumbatia kwa mikono miwili.

Akapima ukuta. Akapima mlango. Nikaona anachechemea. Nikafurahi kidogo, binadamu ni binadamu. Akasogea kupima dirisha, akajikwaa kwenye mguu wa benchi, akaenda chini na futi yake. Akaanza kulaani. Analaani viatu vyake! Akasema kanunua sandali mpya jana kwa mchuuzi wa kule sokoni, bei ya kutupa, na tangu hapo hana amani. Zinakwama mlangoni. Zinakwama kwenye ngazi. Leo asubuhi mojawapo ilinasa kwenye pedali ya cherehani, mashine ikaenda bila kusimama na kushona suruali ya mteja mpaka ikawa na mguu mmoja.

Nikatazama chini.

Mabawa!

Nikaruka! Kwa umri huu! Nikamkamata mguu akiwa bado sakafuni, nikaugeuza, nikasoma kisigino: muhuri wetu! Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mwizi amepatikana! Fundi Sindano akapiga kelele zaidi kwamba yeye si mwizi, yeye ni mtu aliyenunua kwa pesa yake. Nikamwambia anayesema hajaibiwa hata kifungo leo amevaa mali ya wizi. Binti akasema baba, mwachie mguu. Sikuuachia mpaka alipovua sandali zote mbili.

Binti akauliza mchuuzi huyo yuko upande gani wa soko.

Alhamisi, 13 Juni

Tumekwenda! Mimi, binti, na Fundi Sindano peku nyuma yetu, anataka kurudishiwa pesa yake.

Mchuuzi alikuwa ametandika turubai, sandali zangu ziko ukingoni, zimetengwa kama wagonjwa. Binti akaonyesha muhuri, akataja polisi kwa sauti ya upole. Sauti ya mama yake kabisa, ile ya kukufanya ukiri hata usichofanya. Mchuuzi hakubisha hata kidogo. Akasema mama, chukueni mabalaa yenu. Alizinunua kwa mtu wa kupita, akadhani kaokota lulu. Kila aliyezinunua karudi, kaanguka, kamtukana. Mmoja alizirudisha kwa kuzirusha kutoka ng'ambo ya barabara. Akampa Fundi Sindano pesa yake na kumwomba asirudi tena.

Zote tumezipata! Jozi zote sita!

Njiani nilimweleza binti kila kitu. Kwamba nilimshuku Meneja tangu mwanzo. Kwamba vinundu niliviweka makusudi, mtego wa kifundi, ili mwizi asiweze kuziuza. Fundi Sindano akasema mzee, wewe uliimba siku nzima. Nikasema niliimba ili asinishtukie. Nikamwona binti anageuza uso upande wa maduka, na mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka. Wallahi alikuwa anacheka!

Nyumbani akachukua kisu changu, akakata vinundu vyote, akalainisha kingo. Zimekuwa sandali za watu wote. Jioni jozi mbili tayari zimenunuliwa, na mmoja wa wanunuzi ametumwa na Mwalimu Mstaafu, anayetembea mji mzima akionyesha watu kishikizo chake. Hao wamelipa. Pesa imeonekana ndani.

Hukumu imetolewa: duka linabaki. Benchi linabaki. Fundi Sindano abaki na giza lake. Simu ni ya binti, mimi nisiiguse hata kwa bahati mbaya. Nikasema sawa, mama. Akasema rudia. Nikarudia.

Ijumaa, 14 Juni

Binti yuko bafuni. Simu iko juu ya meza. Naandika kwa haraka.

Sikulala kwa furaha. Nimeona kosa lilipokuwa! Mfumo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mguu. Mguu unachorwa kwa penseli, na penseli mtu yeyote anaweza kuishika. Lakini sikio! Nani atachora sikio? Sikio linapigwa picha, lina mikunjo, lina mashimo, hakuna masikio mawili yanayofanana duniani. Mtu mwongo utamjua kwa sikio lake, linalala. Sikio la mtu mwaminifu linasimama.

Nimeshaandika kwenye ukurasa: WATU WOTE WATUME SIKIO. Nimejipiga picha sikio langu la kulia, lile lenye pengo juu, aliloniachia mbwa wa jirani utotoni. Nimeliweka juu kabisa ya duka. Chini nimeandika: MFANO.

Maji bado yanamwagika bafuni. Na simu imelia!

Mteja mpya. Anajiita Mkurugenzi. Salamu kwanza, shikamoo mzee wangu, kisha sikio, bila ubishi. Jamani, sikio hilo! Limesimama! Sikio la mtu mwenye kusikiliza wakubwa. Na juu lina pengo dogo, alama ya mtu aliyepata tabu za dunia akazishinda.

Anataka jozi kumi na mbili za sandali. Naanza kukata ngozi.